Kiti cha Kushoto

Kutoka Iringa hadi Babati tulisafiri wiki nzima na zaidi, dereva na mimi, katika lori lililobeba mapipa matupu. Tulikuwa tumetumwa Arusha kutafuta dizeli, na miaka ile ili ufike mahali pa kutafuta dizeli ilibidi kwanza uwe nayo. Hivyo tulilala Dodoma tukisubiri kibali, tukalala Kondoa tukimsubiri mtu wa pampu, na katika vilima vya kabla ya Bereko springi ya nyuma ya lori ikakatika kwa mlio uliowainua mbuzi waliokuwa wamejilaza kando ya njia. Kuanzia hapo tulitambaa. Tuliingia Babati asubuhi ya siku ya soko, lori limeinama upande mmoja kama mtu mwenye jipu, mapipa yakigongana nyuma kama ngoma za harusi. Nimeikumbuka safari hiyo juma hili kwa sababu nilikuwa katika mgahawa wa stendi ya Singida, nikisubiri basi kama ilivyo kawaida yangu, na abiria mmoja aliyetoka Babati akamwambia mwenzake huku akimenya yai: "Unamkumbuka yule wa gari la miti? Tumemzika juzi." Mwenzake akaacha kula. Nami nikaacha.

Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba sikai mahali. Nimepita miji mingi na watu wengi, na wengi wao nimewasahau kwa namna ambayo wao pia, naamini, wamenisahau. Huyu sikumsahau. Alikuwa mtu wa nyanda za juu za Mbulu, mtoto wa wakulima waenda kanisani, ambaye ujana wake aliumalizia Arusha katika gereji iliyotengeneza magari ya mashindano. Mashindano yalipokosa petroli na gereji ilipokosa vipuri, alirudi upande wa kwao na kuweka kibanda chake cha ufundi Babati, pale njia ya Singida inapoachana na njia ya Dodoma. Alirudi na gari dogo jekundu la viti viwili, lisilo na paa, lililoachwa na mkulima wa Kizungu wa bonde la Kiru alipoondoka nchini. Alikuwa mwingi wa maneno, na hakuna aliyeyapenda maneno yake kuliko yeye mwenyewe. Tulipomwita aje kuitazama springi yetu, alijilaza chini ya lori, kisha tukamsikia akicheka huko chini.

"Hii haikuvunjika," alisema. "Hii imejiuzulu."

"Utaitengeneza?" dereva wangu aliuliza.

"Kwa chuma gani, mzee wangu? Chuma chote cha huku kinalima."

Hakuwa anatania. Majembe yalikuwa yamepotea madukani, na wahunzi wa vijijini walikuwa wakizinunua springi za magari mabovu, yale mabapa ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine, refu juu na fupi chini, wakayachoma na kuyafua kuwa majembe. Jembe la springi halipindi, walisema wakulima, na walisema kweli. Gari lililokufa barabarani lilikutwa kesho yake limelala chini kwa tumbo. Dereva wangu aliomba lifti kwenda Arusha kutafuta springi nyingine, akaniachia lori nililinde. Siku zikawa miezi. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ulisomeka, nilipata kibarua cha kupima magunia katika ghala la mahindi, na jioni nilikwenda kibandani kwa yule bwana kuwasikiliza watu wakibishana. Yeye aliniita Msafiri, hata baada ya kukaa Babati misimu miwili.

Ni yeye aliyebuni mashindano ya mapipa. Siku moja watu walikuwa wakilalamika kwamba magari ya mashindano hayapiti tena upande wetu, akasema, "Kama hakuna petroli ya kwenda mbali, tushindane kwenda karibu." Alinyoosha kidole kwenye mapipa yangu matupu. Tungeyapanga uwanjani, upande wa Nangara, pale ziwa linapopungua na kuacha ardhi tambarare, na kila gari lingepita katikati yake kwa kupindapinda, kushoto na kulia, likizunguka la mwisho na kurudi. Kila dereva angepewa petroli ya ujazo wa chupa ya soda na kukimbia mara moja tu. Hapo mwenye injini kubwa hana la kumsaidia, alisema. Atakayeshinda ni mwenye gari linalojua kugeuka. Wazo lilisambaa mjini upesi kuliko habari za sukari. Kamati ikaundwa, mwalimu mmoja mwenye saa nzuri ya mkononi akateuliwa kuwa mwamuzi, na zawadi ikapatikana: fungu la majembe mapya ya dukani, bado yana mafuta ya kiwandani. Yalikotoka hakuna aliyeuliza. Ilikuwa miaka ya kutokuuliza.

Kabla ya mashindano, baba yake mdogo aliteremka kutoka milimani. Alikuwa mzee mrefu, mwenye koti zito la baridi lisilovuliwa hata juani. Nilikuwepo alipoketi kwenye gogo la mbele ya kibanda, akalitazama lile gari kwa muda.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hili bado lipo?"

"Lipo, baba."

"Linakula nini?"

"Halili, baba. Petroli hakuna."

"Na ng'ombe asiyekula wala asiyekamuliwa, kwetu tunamfanyaje?"

Mzee alieleza kwa upole kwamba majembe ya nyumbani yamelika hadi yamekuwa vijiko, kwamba mvua ziko karibu, kwamba mama yake mwenyewe analima kwa kupokezana jembe moja na shemeji zake wawili. Mhunzi yuko tayari. Kinachokosekana ni chuma, na chuma ndicho hiki kimekaa mjini kimepakwa rangi nyekundu. Yule bwana alisimama, akaweka mkono juu ya boneti kama mtu anayeshika kichwa cha mtoto. "Baba, subiri mashindano yapite," alisema. "Nikishinda, majembe ya zawadi yote ni ya nyumbani, na gari uniachie. Nikishindwa, nitazifungua springi kwa mikono yangu, na wewe utakuwa umekaa hapo hapo kwenye gogo." Mzee alimpa mkono. Tangu siku hiyo kila mtu pale kijiweni alijua gari lile linakimbilia nini.

Nataka kueleza namna alivyolitengeneza, kwa kuwa sijaona tena ufundi wa aina ile, na kwa kuwa mafunzo niliyopata pale yamenisaidia katika mambo yasiyo na magurudumu. Gari lilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukilikatia kona kwa kasi, pua haikugeuka; ilisukuma mbele moja kwa moja, usukani umepinda na gari limenyooka. "Unakata kona, lenyewe linakwenda kusalimia watu," alisema. Mimi nilidhani atakaza mbele. Hakugusa mbele ila kulegeza. Alikwenda nyuma, akaongeza bapa moja alilolichonga kutoka springi iliyokatika ya lori letu, na katika zile shokapu za zamani, zenye tundu la kujazia, akamimina mafuta ya nyonyo, ambayo ni mazito, kwa sababu mafuta yenyewe hayakuwepo. Bushi zilizolika, zile pete za mpira za kwenye maungio, alizichonga upya kutoka katika matairi makuukuu. "Msafiri, sikiliza," aliniambia akiwa na kisu mkononi. "Ugonjwa uko mbele, dawa iko nyuma. Nyuma ikiwa ngumu kidogo, mbele inapata nafasi ya kuuma." Mara ya kwanza alizidisha. Mkia ulitutangulia, tukazunguka kama pia, na tukasimama tukiwa tumewatazama ng'ombe wa watu uso kwa uso. Alicheka hadi akatoa machozi, kisha akalipunguza lile bapa kwa tupa, kidogo kidogo, huku akijaribu na kurudi.

Na alijaribuje, wakati petroli hakuna? Hapo ndipo ninapompa heshima zake zote. Upande wa Bagara kuna mteremko mrefu wenye kona. Tulikuwa tukilikokota gari hadi juu kwa maksai wawili wa kulimia wa jirani yake, nyororo imefungwa mbele, yeye kwenye usukani na mimi nikitembea na fimbo. Tukifika juu nawafungua maksai, narukia kiti cha kushoto, na tunateremka injini imezimwa, upepo ukivuma masikioni na springi zikiguna chini yetu. Chini tunashika maksai upya. Kiti changu hakikuwa kitupu hata siku moja. Nilipokuwa ghalani, alimchukua mwingine yeyote aliyekuwa njiani, mama mwenye kikapu, katekista, mgonjwa wa kwenda zahanati. Kumpita mtu na kiti kitupu miaka ile ya usafiri wa shida lilikuwa jambo la aibu, na yeye aliliona hivyo kuliko wengine. Hata upande mzima wa kushoto aliukaza zaidi kidogo kuliko wa kulia, ili gari likae sawa likiwa limebeba watu wawili.

Jumapili moja mchana askari alitusimamisha. Wakati huo, magari binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani Jumapili baada ya saa nane.

"Mnajua ni saa ngapi?"

"Tunajua, afande," alijibu kutoka nyuma ya usukani, maksai wakitafuna mbele yake. "Lakini hili sasa hivi ni mkokoteni."

"Na mkiteremka je? Nimewaona mnavyoteremka."

"Kuteremka ni dunia inatuvuta, afande. Nayo haijaombewa kibali."

Askari alijitahidi kukunja uso, akashindwa. Akazunguka gari, akagonga gurudumu kwa kiatu, akauliza kama kuna nafasi ya mtu wa kwenda mjini. Nikashuka, nikampisha, nikabaki na maksai.

Siku ya mashindano uwanja wa Nangara ulijaa hadi ukingo wa matete. Yalikuja magari machache tu, yale ambayo wenyewe waliweza kuyawasha, na wa kuogopwa alikuwa mmoja: mfanyabiashara mhamiaji kutoka Moshi, mwenye gari jeupe la milango minne, zito, lisilo na haraka, na mdomo usiopumzika. "Hilo la kwako ni la kupigia picha," alimwambia yule bwana. "Hili la kwangu limezoea kubeba mbolea." Akajibiwa, "Ndiyo maana linanuka." Watu wakapiga makofi. Baba mdogo alikuwa amekuja na koti lake, amesimama mstari wa mbele. Nikaenda kuketi kiti changu. Mwalimu mwenye saa akanigonga begani.

"Shuka, kijana. Dereva peke yake."

"Kwa nini, mwalimu?"

"Pipa likianguka, aumie mmoja. Kamati imeamua."

Nilimtazama yule bwana. Alipunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. "Shuka tu, Msafiri. Nitakuwa mwepesi zaidi."

Gari jeupe lilipita kwanza. Lilipita kwa adabu, bila kuangusha pipa, na mwalimu akatangaza muda ambao si wa kutisha. Kisha gari jekundu likaondoka. Kona ya kwanza ilikuwa ya kulia, nalo likaikata kama wembe. Nilisikia umati ukivuta pumzi. Kona ya pili ilikuwa ya kushoto. Nikaliona limelalia upande wa dereva, upande wa kushoto umenyanyuka, na gurudumu la nyuma la ndani likaachana na ardhi na kuzunguka bure, likitupa vumbi, likinguruma bila kusukuma kitu. Kulia, wembe. Kushoto, gurudumu hewani, injini inalia na gari haliendi. Ilikuwa hivyo hadi mwisho. Mteremkoni kwetu Bagara hatukuwahi kuliona jambo hilo, kwanza kwa sababu injini ilikuwa imezimwa na gurudumu halikuwa na nguvu ya kuzungukia, na pili kwa sababu upande ule ulikuwa daima umekaliwa na mtu. Alishindwa kwa muda mdogo sana, ule wa mtu kupiga chafya. Alisimamisha gari, akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa kushoto na kukitazama kiti. Nilidhani atalia au atapiga teke. Akacheka.

"Msafiri," aliniambia, "nililitengenezea watu wawili."

Mfanyabiashara alibebeshwa majembe yake huku akiimbiwa. Yule bwana alimpa mkono, kisha akamwendea baba yake mdogo, akamwamkia, na wote wawili wakapanda gari. Mchana ule ule, mzee akiwa ameketi kwenye gogo la mbele ya kibanda kama walivyokubaliana, aliliinua gari juu ya mawe na kuzifungua springi, bapa kwa bapa, akizipangusa kila moja kwa kitambaa kabla ya kuiweka miguuni pa mzee. Ahadi aliitimiza bila kununa. Aliomba kitu kimoja tu, abakiziwe bapa la juu la kila upande, lile lenye masikio mawili linaloshika ekseli. "Hili limetobolewa, baba. Halifai jembe." Mzee akaligeuza, akaingiza kidole katika tundu, akasema, "Halifai. Baki nalo." Nina hakika hadi leo kwamba mhunzi angepata namna ya kulitumia, na kwamba mzee alijua.

Majembe yalitoka mazuri. Mimi mwenyewe nilipanda milimani na mzigo wa chumvi wakati wa kupalilia, nikamwona mama yake yule bwana akilima mahindi kwa chuma kilichokuwa kikikata kona za Bagara, na shemeji zake kila mmoja na la kwake. Na gari? Kila mtu alidhani limekwisha. Kumbe yule bwana alikwenda porini kutafuta mkole, mti ule unaopindika bila kukatika, ambao watu huchongea fimbo na pinde. Akaupasua mabapa, akayakausha kivulini, akayapaka mafuta ya nyonyo na kuyafunga kwa kamba za ngozi chini ya yale mawili ya chuma. Gari likasimama tena kwa miguu yake. Halikuweza tena kushindana na mtu, lilikwenda mwendo wa baiskeli na kulia kama mlango wa sakristia, lakini lilikwenda. Ndipo akapata jina ambalo amezikwa nalo.

Nimefikiri sana tangu Singida. Miaka ile tuliambiwa tufunge mkanda, tukafunga. Kila mwenye mamlaka, dukani, ofisini, barabarani, alipoona mambo hayaendi dawa yake ilikuwa kukaza, na akikuta bado hayaendi alikaza zaidi pale pale. Yule bwana angewaambia kwamba gari lililokazwa pande zote haligeuki, linaserereka tu, na kwamba mahali unapoona ugonjwa si lazima ndipo unapotia spana. Sijui kama wangemsikiliza. Shida ile sitaki kuisifu, kwa maana nimepanga foleni ya sabuni na najua harufu ya shati lisilofuliwa. Lakini leo nasimama kando ya barabara za lami, naona magari mazuri yenye shokapu mpya, vioo vimefungwa, na ndani yake mtu mmoja mmoja. Tumepata petroli, na viti vitupu vimekuwa vingi kuliko watu. Aliposhindwa Nangara, watu walisema kosa lake lilikuwa kutofikiria kwamba ataendesha peke yake. Mimi nalihesabu kosa hilo miongoni mwa mambo mema niliyowahi kuyaona yakifanyika kwa bisibisi na tupa.

Dereva wangu alirudi mwishowe na springi ya lori, kakonda na kafuga ndevu, lakini nilikuwa nimekwisha kuwashwa nyayo, na njia aliyokuwa akienda sikuitaka. Nilichagua basi la Singida. Asubuhi ya kuondoka yule bwana alinipeleka stendi kwa gari lake la miti, kwa petroli kidogo aliyokuwa ameitunza, mzigo wangu mapajani, springi zikilia chini yetu njia nzima na watu wakituita kutoka vibarazani. Hakunipa nasaha yoyote. Alisema tu, "Ukipata mahali pazuri, usiniambie, maana nami nitataka kuhama," akanishika mkono kwa nguvu na kunisukuma kwenye ngazi ya basi. Nilipata kiti cha dirishani. Nikamwona akigeuza gari kurudi, peke yake, na nikaliona limeinama, upande wake chini na upande wangu juu, vile vile kama siku ile uwanjani. Lilikwenda hivyo, limepinda, hadi karibu na kona. Hapo palikuwa na mama mmoja amesimama na beseni la samaki wa ziwani. Gari likasimama. Sikusikia walichosemezana, nilimwona mama akicheka, akifungua mlango wa kushoto, akiketi na beseni lake. Basi letu likaanza kuondoka, na kitu cha mwisho nilichokiona Babati ni gari dogo jekundu likiikata ile kona, taratibu, likiwa limekaa sawa.